Mbwa Mstaafu na Chumba cha Vinywa

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi sana kutoka nyumbani. Mimi mzima, paa nalo zima, halivuji tena. Goti bado linanisumbua nikipanda ngazi, lakini nyumba yetu haina ngazi kwa hiyo linakosa kazi. Shangazi amepata miwani mipya na tangu aivae anatulaumu kwamba sote tumezeeka kwa siku moja. Mama Mapazia, muuza mapazia jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anakusalimu na kuuliza kama huko uliko watu wanatundika mapazia mafupi au marefu. Mjibu, usije ukaniacha na kesi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimekubali kumchukua mbwa.

Kabla hujaruka, soma kwanza. Si mtoto wa mbwa. Ni mtu mzima, tena mwenye kazi nyuma yake. Alikuwa analinda ghala la magodoro mpaka ghala likafungwa, wenyewe wakamwacha mlangoni. Pale kwenye kituo cha kutunza wanyama wanamwita Mstaafu. Mimi nilikwenda kuwapelekea mashuka makuukuu tu, yale ya hospitali ambayo nilipewa nilipoacha kazi ya kufua. Basi nikiwa nazungumza na karani wao, huyu bwana akaja taratibu, akanikalia mguu. Nikasubiri aondoke. Wapi! Nikawaza, mimi ni nani nimwondoe mtu aliyechoka? Nikasimama pale mpaka mguu ukafa ganzi, na nilipoweza kutembea nilikuwa nimeshaweka jina langu kwenye daftari lao.

Wana masharti. Wanasema mbwa mzima haingii nyumba mpya kama godoro jipya. Ana mazoea yake, ana hofu zake, na wiki za mwanzo anahitaji chumba chake, kimya, ambacho hakuna mtu wa kumkodolea macho. Sebuleni haiwezekani, unajua mbele yetu yupo fundi wa mageti na ile nyundo yake. Chumbani kwangu nipo mimi na kukoroma kwangu. Kinabaki chumba cha nyuma, chako.

Unaukumbuka wosia wa baba. Naunukuu usije ukasema nimeupindisha: "Asiingie mkaazi mpya nyumbani humu, wala kisihamishwe kitu cha ndani, bila ridhaa ya wanangu wote wawili, kwa barua ya mkono yenye sahihi." Baba alikuwa karani wa mahakama, na alibaki karani mpaka kaburini. Simu haina sahihi, alikuwa akisema, na ndiyo maana mimi na wewe ndio watu wa mwisho wanaonunua stempu.

Basi naomba sahihi yako. Nizibe uwazi ulio chini ya geti, nitoe sumu ya panya nyuma ya kabati, na nitoe chumbani kwako vile vinywa. Ndiyo, vinywa vya plasta vya kila mtu uliyempima meno bandia kabla hujaondoka. Vimejaa rafu tatu, vyote wazi, vinasubiri sijui nini. Mimi mwenyewe nikiingia kufagia huwa nabisha hodi.

Usichelewe. Nisipokuwa tayari watampeleka kwenye machimbo ya kokoto akalinde mawe. Mdogo wangu, nani anaiba kokoto?

Dada yako

*

27 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika salama na mimi imenikuta salama. Kazi ni nyingi, wagonjwa wangu wanapanga foleni mpaka kwenye korido, na wiki iliyopita bibi mmoja alipiga chafya meno yakatua kwenye kikombe cha chai cha jirani yake. Nilitumia nusu saa kuwapatanisha. Mwambie Mama Mapazia huku ni marefu. Shangazi mwambie hatujazeeka, ni miwani.

Kuhusu geti, naridhia. Ziba. Kuhusu sumu ya panya, naridhia, na nashangaa ilikuwa bado ipo. Kuhusu chumba, hapana.

Dada, plasta haipendi kuhamishwa. Halafu vile si vinywa tu, ni wateja. Mwakani nikirudi kufungua kliniki, nitaanzia wapi? Nitaanzia pale rafuni, kila mtu na kipimo chake. Ile ni kliniki, dada. Kwa sasa haina kiti, haina mlango wa barabarani na haina daktari, lakini ni kliniki, na kwenye kliniki mbwa halali.

Mpe mbwa chumba chako, wewe uhamie sebuleni. Au mzoeshe nyundo.

Halafu kuna mambo mawili. Kwanza nitumie picha ya meno yake. Mimi simkubali mtu kwa sura. Pili, wosia unasema kila mkaazi aweke sahihi kwenye karatasi ya nyumba, na mimi na wewe tuliweka tulipotimiza miaka kumi na minane. Baba hakuandika "binadamu", aliandika "mkaazi". Kwa hiyo mbwa naye aweke sahihi. Sheria ni sheria.

Mdogo wako

*

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia una wagonjwa wengi, ingawa nimeshangaa kidogo unavyosema "wagonjwa wangu". Nilidhani ni wa yule daktari aliyekuajiri. Haya, labda mmeshaelewana sana.

Huku tu wazima. Shangazi amempa miwani yake Mama Mapazia aijaribu na sasa hawasemezani.

Uwazi chini ya geti nimeuziba. Mablanketi ya Mstaafu nimeyachemsha mara mbili, nimeyapiga pasi, na nimeyashonea alama ya uzi mwekundu pembeni kama tulivyokuwa tunafanya hospitali, wodi moja alama moja, ili siku akilazwa mahali yasichanganywe. Karani wa kituo akaniambia, "Mama, ukitaka kuiona nyumba kama mbwa anavyoiona, piga magoti." Nikapiga magoti. Nilikuwa chini ya meza ya sebuleni, natazama waya wa pasi kwa jicho la mbwa, Mama Mapazia akaingia kuazima mkasi.

"Umedondosha nini?" akauliza.

"Sijadondosha kitu. Mimi ni mbwa."

Unajua hakuuliza tena? Aliweka kanga begani, akainama, akaja kukaa chini ya meza na mimi. Tukatambaa mpaka jikoni. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ndoo ya taka ukiwa huko chini inaonekana kama imewekwa kwa ajili yako. Tumeipandisha juu ya friji. Friji sasa inanuka lakini mbwa yuko salama.

Fundi wa mageti naye nimekwenda kuzungumza naye. Alisema chuma hakigongwi kwa upole. Nikamshonea nyundo yake soksi ya taulo. Amekubali kuitumia asubuhi, na wateja wake wanalalamika kwamba mageti yanatoka yamevimba.

Sahihi imepatikana. Tulimpaka Mstaafu wino kwenye kiganja cha kulia na akaweka sahihi kwenye karatasi ya nyumba, kwenye meza, na kwenye suruali ya karani sehemu mbili. Picha ya meno nimeiambatisha. Hakutaka kufungua mdomo, tukaanza sote kupiga miayo mbele yake mpaka naye akaambukizwa.

Sasa sikiliza habari mbaya. Mkaguzi wa kituo amekuja. Mama wa heshima zake, mcheshi, ana tabasamu zuri ambalo halijifichi. Kila chumba anacheka. Ameona ndoo juu ya friji, akacheka. Ameona nyundo yenye soksi, amecheka mpaka akashika mbavu. Nikamfungulia chumba cha nyuma. Akatazama rafu ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu akafunga mdomo ndi. Hakucheka tena. Aliandika kitu, akasema, "Chumba hiki hakifai kwa kiumbe yeyote," akaondoka hata chai hakumaliza.

Amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Chumba kiwe kitupu, au Mstaafu aende kwenye kokoto. Hivi huyu mama unamfahamu?

Naomba hiyo sahihi, mdogo wangu. Nimeanza hata kutembea taratibu barabarani kuzoea mwendo wa Mstaafu.

Dada yako

*

20 Aprili

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na shughuli za kupaka rangi, halafu fundi wa mabomba, halafu kuna kibali kimoja kilinichosha. Ni mambo ya kazini tu, usijali. Mwambie shangazi miwani haiazimwi, kama meno tu.

Nimeichunguza picha kwa kioo cha kukuzia. Kwa taarifa yako, umepewa mbwa mwenye umri mkubwa kuliko walivyokuambia. Meno ya mbele yamelika sawasawa, ishara ya mtu aliyekuwa akitafuna kitu kigumu kwa mawazo. Chonge la kushoto halipo. Magego mazuri. Ufizi wa heshima. Kwa jumla ni mdomo wa mtu mwaminifu na nimeuweka ukutani. Ukitaka naweza kumtengenezea hilo chonge, nitumie kipimo. Tumia sabuni laini, ang'ate mara moja, usimruhusu ameze.

Kuhusu mkaguzi, simfahamu. Na hata ningekuwa namfahamu, nisingekuwa namfahamu. Hiyo ndiyo kazi yangu, dada, usiniulize tena.

Kuhusu chumba, naona kuna njia ya kati. Vigeuze vinywa vitazame ukuta. Kama tatizo ni kukodolewa, basi havitamkodolea mtu. Hujahamisha kitu, wosia umeheshimiwa, kliniki imebaki, na mbwa amepata kitanda.

Nitarudi mwakani, sitanii. Safari hii nimepania.

Mdogo wako

*

8 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Shangazi na Mama Mapazia wamepatana, wamenunua miwani ya pili ya bei ya chini na wanabadilishana kila Jumatatu.

Nilivigeuza vinywa vitazame ukuta kama ulivyosema. Mungu akusamehe. Vikiwa vimefungua kinywa vilikuwa vinatisha, lakini vilipogeuka vilikuwa vimenuna. Ukiingia unaomba radhi hujui kosa lako. Mkaguzi alirudi siku ile ile ya mwisho. Akasimama mlangoni kidogo, akaniambia, "Mama, naomba uniache humu peke yangu." Nikadhani anataka kusikia kelele za nje. Baada ya muda akatoka na mkoba umevimba upande mmoja, ameukumbatia kama mtoto. Tabasamu limerudi. Akasema machimbo hayana haraka, ananiongezea mpaka mwisho wa Juni.

Nilipoingia nikaona pengo kwenye rafu ya tatu. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini humfahamu.

Nikakaa kitandani kwako nikafikiri. Hospitali, nguo ikija kufuliwa na kitu mfukoni, kile kitu hakikuwa cha chumba cha kufulia hata kikae mwaka. Ni cha mwenyewe, tulimtafuta mpaka tukampata. Sasa vinywa hivi ni vya nani? Si vyako, si vyangu, si vya nyumba. Baba alikataza kuhamisha kitu cha ndani, hakukataza kurudisha mali ya watu. Hata mahakamani ningeshinda.

Nikatoa toroli langu la mashuka. Nikavipanga, nikavifunika shuka jeupe, nikaanza na barabara ya juu. Chini ya kila kimoja uliandika mwenyewe ni nani, kwa mwandiko wako mzuri, kwa hiyo haikuwa kazi. Nilikuwa nasimama getini naita kama tulivyokuwa tunaita wodini: "Kinyozi! Njoo uchukue kinywa chako!"

Sikujua, mdogo wangu. Naapa sikujua kwamba kinyozi kwa miaka yote anawaambia wateja hajawahi kung'oa hata jino moja. Walikuwa sita ndani, mmoja amenyolewa nusu. Na mwalimu mkuu mstaafu, yule aliyekuwa anatupiga kwa kutopiga mswaki, alikitazama chake akasema, "Huyu si mimi." Nikamwambia sawa mwalimu, kijaribu. Akageuka kando, akatoa meno yake, akayapachika kwenye plasta. Yakakaa kama yamezaliwa pale. Akanifungia mlango.

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua nani anatafuna kwa meno yake na nani anatafuna kwa yako. Watu wamenuniana, wengine wamecheka mpaka wakayaonyesha. Mwenyekiti wa mtaa ameitisha kikao akakiendesha mkono umefunika mdomo. Mjane wa fundi viatu yeye alikipokea cha marehemu mumewe kwa mikono miwili, akakiweka juu ya redio. Nilipita jana kumsalimu. Anasema sasa wanasikiliza taarifa ya habari pamoja kama zamani, tofauti tu ni kwamba mzee habishi.

Chumba ni kitupu. Kimebaki kitanda na rafu. Lakini Mstaafu siwezi kumwingiza bila sahihi yako, na sitamwingiza. Baba ni baba.

Sasa niseme ambalo nimelishika moyoni tangu Machi. Mteja mmoja wa Mama Mapazia alisafiri huko kwako akarudi na meno mapya. Alipocheka tu nikajua ni mkono wako, nayajua meno yako kama ninavyojua mshono wangu. Nikamuuliza ameyatoa wapi. Akasema kwenye kliniki moja nzuri, ina bango la bluu, mwenyewe ndiye huyo huyo anayepima na anayetengeneza, mtu mcheshi, ana kiti kinachopanda na kushuka.

Sijakasirika kwa sababu ya kliniki. Nimekasirika kwa sababu ningependa kuwa nimeringa. Miaka yote hii nimekuwa mtaani nasema "mdogo wangu ameajiriwa", kumbe ningesema "mdogo wangu ana bango".

Basi niambie jambo moja tu. Unarudi au hurudi? Na tafadhali usiandike "mwakani".

Dada yako

*

6 Juni

Dada,

Shikamoo. Sikuulizi habari kwa sababu nimekasirika.

Kuna kitu kinaitwa siri ya mgonjwa! Mtu anapokuja kufunguliwa mdomo hafungui ili dada wa fundi ampigie kelele getini! Kinyozi amenipigia simu analia. Alilia kwanza, halafu akaniuliza kama naweza kumtengenezea mengine meupe zaidi, kwa kuwa sasa hana cha kuficha. Mwenyekiti wa mtaa naye kapiga, anataka yasiyopiga mluzi kwenye herufi S. Mwalimu mkuu hajapiga, ila ametuma salamu, na mwalimu mkuu hajawahi kumtumia mtu salamu. Kwa hiyo sijui nikasirike vipi. Lakini nimekasirika, ujue hivyo.

Ndiyo, bango ni la bluu.

Ni mwaka wa nne sasa. Kiti kinapanda na kushuka. Kuna msichana wa mapokezi na kuna ua dirishani ambalo nalimwagilia mwenyewe. Kila nikiketi kukuandikia nilikuwa nasema leo namwambia, halafu naiona akilini ile rafu. Nilikuwa najiambia, maadamu vinywa viko pale na mimi niko njiani. Nimechelewa tu. Na wewe ukifagia utasema huyu anarudi, vyombo vyake si hivi? Sikutaka ufagie chumba cha mtu asiyerudi. Nilikuwa naogopa utakaa peke yako mle ndani ukijua hakuna anayekuja.

Umeniuliza swali moja. Sirudi, dada. Nimeandika kwa mkono, na mkono umekuwa mzito kuliko siku nilipoandika mtihani.

Chumba mpe Mstaafu. Kitanda aking'ate akitaka. Naridhia, kwa ridhaa yangu, bila kushurutishwa na mtu, kama baba alivyotaka iandikwe. Sahihi yangu hii hapa chini.

Mdogo wako

*

24 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Hatujambo, na leo nikisema hatujambo nahesabu na mwingine.

Barua yako nimeisoma jikoni nimesimama. Sitakudanganya, nililia. Nikafua mapazia yote ya nyumba, nikalia tena. Halafu nikaenda barabara ya juu na ya chini kuwaambia watu una bango la bluu, na kiti kinapanda na kushuka. Shangazi anauliza kama mtu anaweza kukipanda bila kuumwa jino.

Mstaafu ameletwa Jumamosi. Nilikuwa nimeshawaeleza majirani kwamba mbwa mgeni hakodolewi macho. Basi tulipokata kona na mkaguzi, nikakuta mtaa mzima umesimama nje kumpokea, kila mtu ameupa barabara mgongo. Mstari mzima wa migongo, kuanzia kwa kinyozi mpaka kwa mwenyekiti. Fundi wa mageti alikuwa ameshika nyundo yenye soksi kifuani. Hakuna aliyegeuka. Mama Mapazia peke yake alikuwa na kioo cha mkononi, akasema anaangalia kope.

Mstaafu akapita katikati kwa mwendo wake, kama anakagua gwaride la nyuma mbele. Akaingia ndani. Akanusa sebule, akanusa jikoni, akaitazama ndoo juu ya friji akaniangalia kwa huruma. Nikamfungulia chumba cha nyuma. Kitanda kimetandikwa kwa kona za hospitali, blanketi lenye uzi mwekundu, kimya, hakuna kinywa hata kimoja. Akaingia, akazunguka mara moja, akatoka. Akajilaza nje, kwenye kizingiti, kichwa kinatazama korido.

Nikamrudisha ndani. Akatoka. Nikaweka chakula ndani. Akala, akatoka. Nikaingia mimi, nikalala kitandani kumwonyesha. Akanilinda.

Mkaguzi akacheka mpaka mkoba ukaanguka. "Mama," akaniambia, "huyu kazi yake ni mlango. Amelala mlangoni maisha yake yote. Ndani ni kwa magodoro."

Kwa hiyo tumegombana tangu Februari, tumeumbua mtaa, kinyozi amelia, kwa ajili ya chumba ambacho mwenyewe hakitaki. Anataka kizingiti tu. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa kila usiku naruka mbwa kwenda chooni, na goti langu limepata kazi.

Chumba kiko pale kitupu, kinalindwa. Nimekiangalia sana wiki hii. Mdogo wangu, wewe kurudi kumekushinda na mimi kukusubiri kumenichosha, na hakuna mbaya kati yetu. Kurudi ni kitu kizito, mtu anatakiwa abebe vyote. Basi usirudi. Nimekuachilia, usirudi. Njoo tu utembee. Uje na begi dogo, ukae siku chache, ule, ucheke, uende zako kwenye bango lako. Nimeusoma wosia tena kwa miwani ya shangazi. Unasema mkaazi. Mgeni haombi sahihi ya mtu.

Mimi sitakuwa peke yangu, hilo litoe moyoni. Ila ningependa kukuona.

Dada yako

*

5 Julai

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Msichana wa mapokezi anakusalimu, ameshasikia habari za migongo na anataka kuhamia mtaa wetu.

Kila mwaka nilikuwa nakwenda mpaka dirisha la tiketi. Kila mwaka nafika mbele, yule bwana ananiuliza, "Wapi?" nami moyoni nasikia tiketi ya kwenda bila kurudi, na miguu inakataa. Nanunua gazeti narudi kazini. Jana nimekwenda na barua yako mfukoni. Akaniuliza wapi, nikamwambia. Akauliza ya kwenda tu, au ya kwenda na kurudi? Nikasema ya kwenda na kurudi, na nikashangaa ilivyokuwa rahisi. Nilipokaa kwenye benchi la nje ndipo nililia, mtu mzima na tiketi yake.

Nafika Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, jioni, naondoka Jumanne. Begi ni dogo.

Usimwondoe mbwa kizingitini kwa ajili yangu, wala usimshike ukosi. Fungua mlango tu, kisha uendelee na kazi zako. Mimi nitasimama kwenye korido, sitamkodolea macho, mpaka aamue mwenyewe kama napita. Hata kama itachukua jioni nzima, dada. Wewe umesubiri miaka tisa.

Mdogo wako